Bonyeza B au muache ageuke? Namna ya kuamua Pokémon wako abadilike lini

Mbukwenyi wadau. Hii ni kwa wale wanaocheza Pokémon kwenye simu, iwe zile za zamani za Game Boy Advance kama FireRed na Emerald, au ile ya kutembea nayo barabarani, Pokémon GO. Kila ukikaa kijiweni na watu wa hizi gemu swali ni lile lile: Pokémon ameanza kumetameta, muziki umebadilika, kidole kiko juu ya batani ya B, sasa nimuache ageuke au nimzuie? Na wengi wanaamua kwa mazoea tu. Kuna kundi linageuza kila kitu papo hapo maana mkubwa ni mkubwa, na kuna kundi lingine lilisikia mahali kwamba ukimchelewesha anakuja kuwa na nguvu zaidi, basi wao ni kubana B mpaka kidole kinaota sugu. Makundi yote mawili yanabahatisha.

Tuanze na hilo la kuchelewesha ili awe na nguvu, maana ndo uongo uliosambaa kuliko wote. Nguvu za Pokémon, yaani HP, Attack, Defense, Speed na wenzake, zinatokana na yeye ni Pokémon gani, yuko levo ngapi, nature yake (tabia aliyozaliwa nayo), vipaji alivyozaliwa navyo (wenyewe wanaita IV) na pointi anazokusanya kwa kupigana (EV). Basi. Hamna sehemu gemu inaandika kwamba huyu aligeuka levo 16 na huyu alivumilia mpaka 50 kwa hiyo tumpe zawadi. Charizard aliyegeuka kwa wakati wake na Charizard aliyezuiwa miaka yote, kama hayo mengine yote yako sawa, wakikutana levo 60 namba zao ni zile zile. Tofauti ni kwamba mwenye yule wa pili aliteseka njia nzima bure.

Kwa hiyo kwenye hizi gemu za zamani sababu ya maana ya kusubiri imebaki moja kubwa, nayo ni mapigo. Pokémon mdogo mara nyingi anajifunza pigo lile lile mapema kuliko mkubwa wake. Ndani ya FireRed, Charmander anapata Flamethrower levo 31, Charmeleon anaipata levo 34. Mtu akiona hivyo anasema aah basi namzuia asigeuke pale 16. Piga hesabu kwanza bana. Unawahi kwa levo 3 tu, alafu gharama yake ni kuzunguka na Charmander mdogo kuanzia 16 mpaka 31, levo 15 nzima, jimu za mabosi zinapita, kina Team Rocket wale wahalifu wanapita, yeye bado anapigwa mara mbili yuko chini. Hiyo biashara haina faida hata kidogo.

Sasa mchukue Bulbasaur. SolarBeam anaijua levo 46 akiwa Bulbasaur, Ivysaur 56, Venusaur mpaka levo 65, na wengi wanakuwa wameshamaliza gemu kabla hata hawajafika 65. Hapo pengo ni levo 19, unaweza kuona kama kuna hoja. Ila mi bado nasema hapana, maana SolarBeam inachukua zamu mbili, ya kwanza anakusanya mwanga ya pili ndo anapiga, na wakati huo wote Bulbasaur wa levo 40 na kitu ameshatwangwa. Razor Leaf anaipata levo 20 akiwa mdogo na 22 akiwa Ivysaur, hiyo inatosha kukupeleka mbali sana. Muache ageuke.

Kwa hiyo namna ya kufanya ni hii. Kila akitaka kugeuka usiulize "anaweza kugeuka?", jiulize kuna pigo gani moja ninalolitaka ambalo mdogo ataliwahi, ataliwahi kwa levo ngapi, na hizo levo nitakazombeba akiwa mdogo kuna nini njiani. Kama kuna jimu ngumu katikati, muache. Kama uko sehemu ya kutembea tu na pigo liko levo moja au mbili mbele, mzuie. Na kumzuia kwenyewe hakukugharimu kitu, ukibonyeza B leo, akipanda levo nyingine gemu inakuuliza tena, na ukichoka kubonyeza kila mara mpe ashike jiwe linaitwa Everstone, akiwa nalo hageuki kabisa mpaka uliondoe.

Hiyo ndo habari ya wanaogeuka kwa levo. Kwa levo hata ukiamua vibaya madhara ni madogo. Wanaogeuka kwa mawe maalum, kama la moto au la radi, ndo wanaliza watu.

Jiwe halina mambo ya B. Ukishampa amekula, amegeuka, harudi. Na Pokémon wengi wanaogeuka kwa jiwe wakishageuka wanaacha kabisa kujifunza, wanabaki na kile walichokuja nacho. Juzi kuna dogo mmoja wa hosteli za CIVE pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) alinifuata na simu yake chaji asilimia tano, ana haraka balaa.

"Kaka shikamoo, nimenunua jiwe la moto pale mji wa Celadon, nimpe Growlithe sa hivi?"

"Marahaba. Yuko levo ngapi?"

"24."

"Hebu nione mapigo yake."

Akafungua. Bite, Roar, Ember, Leer.

"Sasa dogo, ukimpa sa hivi utakuwa na Arcanine mkubwa mzuri anapiga Ember."

"Si atajifunza mbele kaka?"

"Arcanine hajifunzi kitu chochote mpaka levo 49, na hapo anachopata ni ExtremeSpeed, wala sio ya moto."

"Kwa hiyo nisubiri mpaka 49?"

Na hapa ndo pagumu, maana jibu la haraka ni ndiyo, Growlithe mwenyewe anajifunza Flamethrower levo 49. Ila kutoka 24 mpaka 49 ni karibu nusu ya gemu nzima. Nilichomwambia ni hiki: Growlithe levo 31 anapata Flame Wheel, pigo zuri tu la moto. Subiri mpaka hapo, levo 7 sio nyingi, mpe jiwe siku hiyo hiyo. Flamethrower utainunua, ipo kama TM35 (TM ni kifaa cha kumfundishia Pokémon pigo) kwenye Game Corner, ile sehemu ya kamari hapo hapo Celadon, kwa koini 4000, na Arcanine anaikubali vizuri. Alafu akifika 49 na ExtremeSpeed anaipata, yaani umekula pande zote. Yule aliyeng'ang'ania mpaka 49 akiwa Growlithe ana Flamethrower ndiyo, ila ExtremeSpeed imempita, itabidi aende kisiwa cha Two Island kwa yule jamaa anayekumbusha mapigo, na jamaa anataka uyoga. Inawezekana, ila ni safari isiyo na sababu.

Umeona mantiki yake, hatuangalii tu mdogo anajifunza nini, tunaangalia pia TM zilizopo madukani na njia nyingine za kupata pigo hilo hilo. Kama pigo linauzwa, usilisubirie. Pikachu ni vile vile, Thunderbolt anaipata levo 26 mwenyewe bila hela, na Raichu akishageuka hajifunzi tena, kwa hiyo kama umemkamata pale Viridian Forest mlee mpaka 26 ndo umpe jiwe la radi. Ukiwa na koini za kuchezea Game Corner basi TM24 ni Thunderbolt hiyo hiyo, unaweza kumgeuza mapema. Kwa mchezaji wa kawaida subira ya 26 ni nafuu kuliko kukaa kwenye zile mashine unabonyeza mpaka usiku wa manane.

Ila kuna wa jiwe ambao hutakiwi kuwasubirisha hata kidogo. Nidorino mpe jiwe la mwezi siku unapolipata. Nidoking faida yake ni kwamba anakubali TM kibao, Thunderbolt, Ice Beam, Earthquake, ukimpata mapema njia nzima inakuwa laini. Jiwe la mwezi halipo kwenye yale yanayouzwa Celadon (pale kuna la moto, maji, radi na majani, 2100 kila moja), la mwezi unaokota, na Mt. Moon unalipata mapema kabisa, kwa hiyo angalia vizuri ardhini unapopita humo pangoni.

Na kabla hujampa yeyote jiwe lolote, sevu. Ni sekunde tano. Mpe, mwangalie mapigo yake, ingia hata pambano moja la majani hivi, ukiona sivyo ulivyotaka zima ufungue tena.

Kitu kingine kinachoamua ni nani anakusubiri mbele. Kuna Pokémon unawageuza haraka kwa sababu ya mtu mmoja tu. Ukianza FireRed na Charmander, jimu ya kwanza ni ya Brock, Geodude levo 12 na Onix levo 14, mawe matupu, moto wako hausaidii. Charmander akifika 13 anapata Metal Claw, hiyo ni njia moja. Njia nyingine ni Caterpie. Anageuka Metapod levo 7, levo 10 ni Butterfree, na hapo hapo levo 10 anajifunza Confusion, ambayo Geodude na Onix wanaumia nayo kishenzi maana ulinzi wao mkubwa ni kwa mapigo ya nguvu za mwili (Defense), sio haya ya akili. Huyo usimbanie B hata mara moja. Angalizo dogo: mkamate akiwa Caterpie, usimkamate akiwa Metapod, maana Metapod wa porini anajua Harden tu, utakaa naye anajikaza wee mpaka betri inaisha, wakati aliyegeuka kutoka Caterpie anakuja na Tackle yake.

Magikarp sina haja ya kumwongelea sana, levo 20 anakuwa Gyarados, hakuna cha kusubiri, kabla ya hapo ana Splash isiyofanya kitu na Tackle anayoipata 15. Mtangulize kwenye pambano alafu mtoe umuingize mwingine, anagawana pointi bila kupigana. Ndo vumilia hivyo hivyo.

Dragonair na wenzake wa levo kubwa ni kesi nyingine. Dratini anageuka 30, alafu Dragonite mpaka levo 55. Wengi wakifika Elite Four, wale mabosi wanne wa mwisho, wako levo hamsini na kitu, kwa hiyo swali halisi kwa Dratini ni kama utavumilia kubeba nafasi moja ya timu kwa muda wote huo. Mi naona kama una gemu moja tu ya kucheza na hutaki kukaa unazunguka majani kutafuta levo, achana naye, chukua Gyarados. Kichekesho ni kwamba Lance mwenyewe, bingwa wa dragoni, kwenye FireRed ana Dragonair wawili wa levo 54, amewasimamisha levo moja kabla, na kwenye Gold na Silver ana Dragonite wa levo 47 ambaye kwa sheria za gemu hakutakiwa kuwepo kabisa. Bosi hafuati sheria zake.

Wale ambao kugeuka kunawaharibu

Hili watu hawalitegemei. Kuna Pokémon akigeuka anaweza kuwa mbaya kwa matumizi yako, na kama hujui utashangaa mkubwa anacheza hovyo kuliko mdogo.

Mfano mzuri ni Slakoth wa Emerald. Slakoth ni mvivu, ana tabia ya Truant, anapiga zamu moja anapumzika zamu moja. Levo 18 anakuwa Vigoroth, ule uvivu unaondoka kabisa, anapiga kila zamu, ana kasi, raha tupu. Levo 36 anataka kuwa Slaking. Slaking ana namba kubwa za kutisha, ukiangalia karatasi tu utasema huyu ndo mwisho, ila Truant imerudi. Piga, pumzika, piga, pumzika, na zamu anayopumzika adui anajiponya au anakupiga bure. Kama unacheza hadithi tu na unapigana na watu wengi mfululizo, Vigoroth mwenye Everstone anaweza kukufaa zaidi, hasa kama wewe ni mtu wa kubonyeza A haraka haraka usiyetaka kupanga. Kama unapenda kupanga, unaingiza mwingine ile zamu ya kupumzika, Slaking anaua kwa pigo moja. Mi namzuia, sitaki stress.

Scyther naye akigeuka Scizor jumla ya namba zake haibadiliki, 500 kwa 500, kinachotokea ni kuhamishwa: kasi inashuka kutoka 105 mpaka 65, nguvu na ulinzi vinapanda. Kama ulikuwa unampenda kwa sababu anawahi kupiga, umempoteza. Na kuanzia Black na White kuna kifaa kinaitwa Eviolite, Pokémon ambaye hajamaliza kugeuka akikishika ulinzi wake wa aina zote mbili unaongezeka kwa nusu. Ndo maana utakuta wachezaji wa mashindano wanatumia Chansey badala ya Blissey, hawajasahau kumgeuza.

Nincada huyo ni wa kujiandaa, sio kuzuia. Levo 20 anakuwa Ninjask, ila kama timu yako ina nafasi moja wazi wakati anageuka, unapata na Shedinja juu yake, Pokémon wawili kwa mmoja. Kwenye Emerald nafasi tu inatosha, gemu za baadaye zinataka uwe na Poké Ball ya ziada kwenye begi. Ukiwa na timu ya sita imejaa, Shedinja hupati na hakuna kurudi, kwa hiyo Nincada akifika 19 kamuhifadhi mmoja kwenye PC ya gemu kwanza, la sivyo akifika 20 bonyeza B.

Alafu kuna wale wanaokataa wenyewe. Golbat wa FireRed anaweza kuwa anakupenda mpaka basi na bado hageuki Crobat, kila akijaribu inakatika. Hujakosea kitu, FireRed hairuhusu Pokémon asiye wa Kanto (eneo la gemu hiyo) atokee kwa kugeuka kabla hujapewa National Dex, ile orodha ya Pokémon wa maeneo yote, nayo inakuja baada ya kumaliza Elite Four. Na Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter wanageuka kwa kubadilishana na mtu mwingine tu, kwa hiyo kama unacheza peke yako na huna wa kubadilishana naye, Kadabra huyo huyo ndo wako wa mwisho, mpangie timu ukijua hivyo tangu mwanzo. Mwenyewe bado ni mkali.

Huku Pokémon GO mambo ni mengine kabisa

Hapa hamna levo 16 wala B. Kuna batani imeandikwa Evolve na bei yake kwa pipi, ukiibonyeza ndo imetoka. Hakuna kusevu alafu kufungua tena, kila kitu kiko kwenye seva yao. Na pipi ni ngumu, hasa kama unakaa pembezoni, maana gemu inaweka Pokémon wengi kule kwenye watu wengi, ukielekea mashambani kwenye mizabibu ramani inakaa tupu unatembea na vumbi lako tu. Pidgey anataka pipi 12, hizo hata asubuhi moja zinapatikana. Magikarp anataka 400. Ukiamua kuzipata kwa kutembea naye tu kama rafiki, yeye anatoa pipi moja kwa kila kilomita 1, maana yake ni kilomita 400, ungetoka Dodoma kwa miguu ukaelekea Dar ungekuwa umeshaipita Chalinze. Na bajaji haihesabiwi, gemu inajua ukienda kasi.

Kwa sababu hiyo uamuzi wa kwanza GO ni yupi, sio lini. Kabla ya kubonyeza, fungua Appraise uangalie ile mistari mitatu, Attack, Defense na HP, kila mmoja unaishia 15. Vipaji hivyo havibadiliki akigeuka, dhaifu atakuwa mkubwa dhaifu. Magikarp wa 400 asiwe yule ambaye Appraise imempa nyota sifuri, uliyemkamata wa kwanza ukaingiwa na hamu. Pidgey geuza yeyote tu, haina hasara, tena wasubirishe wawe wengi alafu washa Lucky Egg, kwa dakika 30 XP (pointi zako za kupanda levo) inakuwa mara mbili, unawageuza mfululizo.

Pili, usimwongezee nguvu kwa stardust kabla hajageuka. Gharama ya Power Up inaenda na levo yake, sio na umbo lake, kwa hiyo kumpandisha akiwa mdogo hakukuokolei chochote, na akigeuka mapigo yanachaguliwa upya kwa bahati. Unaweza kumwaga stardust yote kwa Pokémon ambaye akigeuka anatoka na mapigo ya ovyo. Geuza, angalia mapigo, ndo umwage.

Tatu, na hapa ndo pa kusubiri kikweli, ni Community Day. Siku hizo Pokémon mmoja anatokea kwa wingi, kwa kawaida kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja jioni kwa saa za kwetu, na ukimgeuza mpaka mwisho ndani ya muda uliotangazwa anapata pigo maalum ambalo siku za kawaida hapati. Beldum alipokuwa na siku yake Oktoba 2018, Metagross waliogeuzwa walipata Meteor Mash, na Metagross asiye nayo ni kama mtu mwingine kabisa. Larvitar alikuwa Juni 2018, Tyranitar akapata Smack Down. Mudkip Julai 2019, Swampert na Hydro Cannon. Kama umemkosa siku hiyo, njia iliyobaki ni Elite TM, ambazo hazipatikani hovyo, au kusubiri siku za kurudia, huwa wanarudisha.

Kwa hiyo ukikamata Pokémon wa hatua tatu mwenye vipaji vizuri, wale wa pipi 25 alafu 100, na hajawahi kupata siku yake au siku za kurudia ziko karibu, kaa naye. Usimguse. Na muda wa kugeuza mara nyingi unaendelea hata baada ya tukio lenyewe kuisha, soma tangazo ndani ya apu, maana jua la Dodoma saa nane mnalijua, hakuna sababu ya kusimama katikati ya Nyerere Square unapanga yupi umgeuze wakati ungeweza kukamata tu, ukarudi nyumbani, ukanywa maji, ukachagua jioni kwa utulivu. Bando tu liwepo.

Kwa wanaocheza ligi za mapambano kuna la ziada. Great League mwisho CP (namba ya nguvu ya jumla) 1500, Ultra League 2500, na CP ikishapanda haishuki. Ukimgeuza mwenye CP kubwa akavuka 1500, hiyo ligi ameshaikosa. Kwa ligi hizo ndogo unataka aliye na CP ndogo ili akigeuka abaki chini ya mstari umalizie kumpandisha polepole, na cha ajabu yule mwenye Attack ya chini na Defense na HP za juu ndo mara nyingi bora huko, kwa hiyo usifute wa nyota moja kabla hujaangalia mistari yake. Kwa kupiga raid, yaani kupigana na bosi kwa kundi, ni kinyume, huko Attack ndo mfalme.

Machoke na Haunter wana ujanja wao. Kwa pipi ni 100, ila ukibadilishana na mtu, yule uliyempokea anageuka bure, pipi sifuri. Mnatakiwa kuwa marafiki ndani ya gemu na kwa kawaida kuwa karibu, mita 100 hivi. Ila jua kwamba mkibadilishana vipaji vinachezeshwa upya kwa wote wawili, kwa hiyo Haunter wako wa mistari iliyojaa usimpeleke huko, mgeuze kwa pipi. Wape wabovu, anaweza kurudi mzuri. Na aliyeshabadilishwa mara moja habadilishwi tena.

Eevee anastahili uangalifu wake. Ukimbonyezea tu unapata Vaporeon, Jolteon au Flareon kwa bahati. Ukimpa jina kwanza unachagua, Rainer kwa Vaporeon, Sparky kwa Jolteon, Pyro kwa Flareon, Sakura kwa Espeon, Tamao kwa Umbreon, lakini kila jina linafanya kazi mara moja tu kwa akaunti. Kwa hiyo jina usilitumie kwa Eevee wa kwanza unayemuona, mtunzie aliye mzuri. Na Espeon na Umbreon unaweza kuwapata bila jina, tembea naye kilomita 10 akiwa rafiki, apate pipi zake mbili, alafu mgeuze akiwa bado ni rafiki yako, mchana kwa Espeon, usiku kwa Umbreon. Wengi wanamtoa urafiki kwanza ndo wanabonyeza, wanapata Flareon wanashangaa. Ukimwangalia kwenye ukurasa wake, kivuli cha atakayekuwa kinaonekana pale kwenye batani, usibonyeze mpaka ukione chenyewe.

Inkay mgeuze ukiwa umeishika simu kichwa chini. Sio utani, batani haikubali mpaka uigeuze.

Wote unaowasubirisha wawekee alama ya nyota ili usije ukawatuma kwa profesa (yaani kuwafuta) kwa bahati mbaya siku unayosafisha begi, na utengeneze tagi zako mwenyewe, mfano "CD" kwa wanaosubiri Community Day, "1500" kwa wa ligi, "KUBADILISHANA" kwa kina Haunter wabovu. Begi likijaa unajua nani wa kufuta na nani wa kuacha bila kuanza kuwachunguza mmoja mmoja upya.